Senene Ambao Mama Hakuwaonja

Mkufunzi wetu wa saikolojia aliingia darasani na kuku kwapani. Tulikuwa wanafunzi arobaini wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu pale Bukoba, karibu wote watoto wa migombani, kwa hiyo kuku hakuwa kioja. Kioja kilikuwa kumwona mtu mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi akimweka kuku juu ya meza kwa heshima zote, kama mgeni rasmi.

Alitandaza vifuniko viwili vya makopo, chekundu na cha bluu. Kuku akidonoa chekundu, anapewa punje ya mahindi. Akidonoa cha bluu, anachapwa kidogo kwa kijiti. Kumbe alikuwa amemfundisha nyumbani kwake wiki nzima, maana hakukosea hata mara moja: chekundu, chekundu, chekundu. Tukapiga makofi. Mkufunzi akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KUJIFUNZA NI TUZO NA ADHABU. Kisha akatugeukia, akasema, "Kati ya huyu na mtoto utakayemfundisha darasa la kwanza, tofauti ni manyoya tu."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Nina ugonjwa huo tangu utotoni, jambo likinikera linanikaa kooni mpaka nilitoe, na nimeshachapwa sana kwa ajili yake. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Kila asubuhi tulisimama mstarini tukaimba kwamba binadamu wote ni sawa. Jioni tulilima shamba la chuo huku tukihimizwa kujitegemea, hata kwa mawazo. Katikati ya hayo mawili tunaingizwa darasani kuambiwa sisi ni kuku! Ebo! Tulimtoa mkoloni ili iweje?

Nikanyoosha mkono. "Mkufunzi, na yaliyomo kichwani je?"

"Yapi?"

"Mawazo."

"Umewahi kuyaona?"

"Hapana."

"Umewahi kuyapima kwa rula?"

"Hapana, mkufunzi."

"Basi hayo waachie waganga wa kienyeji. Sayansi inashughulika na kinachoonekana. Kichwa ni sanduku lililofungwa. Tunajua kilichoingia, tunajua kilichotoka, basi."

Sitamsingizia, hakuwa mjinga. Alifundisha vizuri kuliko wakufunzi wote, na alikuwa Mhaya mwenzetu, aliyesoma kwa shida kama sisi. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima na vitabu vimeanza kupatikana, nilielewa alikotoa yale maneno. Kule Ulaya, wataalamu wa kwanza wa saikolojia walijichungulia vichwani mwao wenyewe: nikiona wekundu nahisi nini, nikisikia kengele nawaza nini. Kila mmoja akachungulia kwake, kila mmoja akatoka na habari zake, hawakuelewana. Wakaja wengine wenye hasira, wakasema yafagiliwe yote hayo, tushike kinachoonekana tu: panya, njiwa, punje, shoti ya umeme. Kwa miaka mingi neno akili likawa kama tusi ndani ya maabara. Kisha mambo yakaanza kuwakwama. Panya aliyeachwa azurure vichochoroni bila kupewa chochote alionyesha, siku chakula kilipowekwa, kwamba njia alikuwa ameshaijua zamani. Watoto wadogo walitamka sentensi ambazo hakuna mtu aliyewahi kuwapongeza kwazo. Zikaja na mashine za kukokotoa, zenye kumbukumbu ndani yake, na watu wakaona aibu kuikubalia mashine kwamba ina kitu ndani halafu wamnyime binadamu. Ndivyo ilivyoanza ile saikolojia inayothubutu kuuliza kichwani kunatendeka nini. Wakati sisi tunampigia kuku makofi, huko ng'ambo ugomvi huo ulikuwa umeshapamba moto. Lakini kitabu cha mkufunzi wetu kilichapwa kabla ya ugomvi huo, na kipya hakikuwa kimefika Bukoba.

Mimi hayo yote sikuyajua. Nilichokijua ni mama yangu.

Kwetu ni Kishanda, Muleba, na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, kwetu ni kama sikukuu. Mvua za mwisho wa mwaka zikija, wanashuka kwenye majani kwa maelfu, na wanawake na watoto tunatoka kuwaokota. Wanawake ndio wanaonyonyoa mbawa na miguu, ndio wanaokaanga. Wanaume ndio wanaokula. Mwanamke wa siku zile hakula senene, hakuonja, hakulamba hata kidole. Ukiuliza sababu, kila bibi alikuwa na yake. Wa kwetu alisema ukila utazaa mtoto mwenye kichwa kama cha senene. Nilimjibu kwamba baba anakula kila mwaka na vichwa vyetu ni vya kawaida, naye akanifukuza jikoni.

Na mama yangu alikuwa fundi. Sisemi kwa kuwa ni mama yangu, waulize waliokuwepo. Akianza kukaanga, wanaume wa kijijini walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba siku nyingi hawajamsalimu baba. Chumvi ilikaa sawasawa, hawakuungua, hawakulainika, kila msimu, kila chungu. Na hakuwahi kumweka hata mmoja mdomoni.

Basi nikamwambia mkufunzi habari hiyo yote mbele ya darasa, nikamalizia, "Nani alimpa tuzo?"

Akatabasamu. Mila alizijua. "Baba yako hakumpa kanga?" Maana ilikuwa kawaida, mke akileta senene, mume anamnunulia nguo.

"Alimpa moja, mwaka wa kwanza wa ndoa. Tangu hapo hajampa hata kitambaa cha kufutia jasho, na mapishi yanazidi kunoga. Kwa nadharia yako, mkufunzi, mama angekuwa ameshasahau hata kuwasha moto."

Darasa likavunjika mbavu. Uso wa mkufunzi ukakauka. Akangoja kicheko kiishe, akasema polepole, "Basi anaonja kwa siri. Wote wanaonja. Hakuna kujifunza bila tuzo."

Wasichana tukatazamana. Wavulana wachache waliendelea kucheka, lakini sisi tulijua kilichosemwa. Kwetu, kusema mwanamke anaonja senene kwa siri ni kusema ni mwongo wa kila siku, anayemwibia mumewe chunguni na kumpakulia kwa uso mkavu. Na kilisemwa juu ya mama yangu. Nilikaa chini kwa kishindo.

Likizo ilipofika nilimkuta mama jikoni, chungu kiko motoni. Nikamuuliza waziwazi, "Mama, unajuaje kwamba chumvi imetosha?"

Aliniangalia kama niliyeuliza anajuaje kutembea. "Mimi huwala kichwani kwanza," akasema.

"Kichwani vipi?"

"Wakianza kutoa mafuta yao, mlio unabadilika. Harufu nayo inabadilika. Hapo mimi nawala, nawatafuna kabisa, humu." Akajigonga paji la uso kwa mwiko. "Wakiwa hawajakolea, naongeza chumvi. Wakikolea, naepua. Baba yako anakuja kula nilichokwisha kula mimi. Haya, lete jani la mgomba."

Nilitaka kumkumbatia, ila kwetu hatukuwa na mazoea hayo. Nikaleta jani.

Tuliporudi chuoni ukafika mtihani. Swali la saikolojia lilikuwa moja tu: eleza jinsi binadamu anavyojifunza. Wenzangu waliandika kuku. Mimi niliandika mama yangu, kurasa nne. Niliandika kwamba sanduku halijafungwa, kwamba ndani yake mna moto, chungu, mlio na harufu, na mtu anayewakaanga senene mara mbili, mara moja jikoni na mara moja kichwani, na kwamba mwalimu asiyejua kinachotendeka humo ndani atafuga watoto, hatawafundisha.

Nikapata sifuri.

Mkufunzi akaniita ofisini. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Akasema asiyefaulu saikolojia hapati cheti cha ualimu, hilo nalijua. Akasema ananihurumia kwa kuwa nina akili. Akasema barua imeshatumwa nyumbani kumwita mzazi, na mama akija akakiri mbele ya darasa kwamba huonja, nami nikaandika hivyo kwenye karatasi, atanipa alama za kufaulu na yataisha. La sivyo, nirudi Kishanda nikashike jembe.

Niwaeleze maana ya cheti hicho. Katika ukoo wetu nilikuwa msichana wa kwanza kuvuka darasa la saba. Mama aliamka kabla ya kila mtu akachuma kahawa miaka yote ile ili mimi nisome, na hakujua kusoma hata jina lake. Kanisani alikuwa ameshaanza kuitwa Mama Mwalimu kabla hata sijawa mwalimu. Mimi nilitaka cheti. Asije mtu akadhani sikukitaka.

Barua ilipofika, baba alisema aliyenifundisha ubishi aende yeye mwenyewe. Kwa hiyo akaja mama, kwa basi, amevaa gauni la kanisani, na kikapu mkononi. Nilimpokea getini. Nikamsimulia yote, kuku, sifuri, kukiri mbele ya darasa.

"Kwa hiyo nikisema naonja, unapata cheti?"

"Lakini huonji, mama!"

"Nimekuuliza cheti."

"Ndiyo. Napata."

Akafunga upya kilemba chake, akatangulia mbele.

Darasani alipiga magoti kumsalimu mkufunzi, kama mwanamke wa kwetu anavyomsalimu mwanamume wa heshima. Mkufunzi akamwinua haraka. "Simama mama, siku hizi tunasalimiana tumesimama." Mama akasimama, akafungua kikapu, akatoa kifurushi cha jani la mgomba lililopitishwa motoni. Msimu ulikuwa bado haujaisha, na mtu haendi kwa mwalimu wa mwanawe mikono mitupu. Harufu ikajaa darasa zima. Mkufunzi akafungua jani mezani, palepale alipokuwa amesimama kuku, akatupa mmoja mdomoni, kisha wa pili, kisha akaacha kuhesabu.

"Mama, hawa ni watamu kweli."

"Asante, mwalimu waitu," akajibu, kwa lile neno letu la heshima.

"Chumvi imekaa vizuri mno. Uliwaonja?"

Nilimtazama mama, naye hakunitazama. Alitazama sakafu, halafu ukuta, halafu akasema kwa sauti ambayo hata waliokaa nyuma waliisikia, "Ndiyo. Niliwaonja. Huwa naonja."

Mkufunzi akatugeukia akiwa amekunjua mikono, kama kusema mmesikia wenyewe. Angeishia hapo angekuwa ameshinda. Lakini mtu akishashinda anataka na kuonyesha ukarimu. Akasogeza jani kwa mama, akasema, "Basi karibu, mama. Tule pamoja. Hapa hakuna mila za kumkandamiza mwanamke."

Mama alinyoosha mkono. Ulikuwa mkono uliozoea kugeuza nyama juu ya makaa bila kijiko. Alichukua senene mmoja kwa ncha za vidole, akafumba macho, akamweka nyuma kabisa ya ulimi, akarudisha kichwa nyuma na kummeza mzima. Hakutafuna. Alimmeza kama mtu anavyomeza kidonge cha malaria. Kisha akakohoa, machozi yakamtoka, akatafuta maji kwa macho na hakuna aliyekuwa nayo.

Wasichana wote darasani tuliona. Wavulana nao waliona, maana wamekula senene tangu wameota meno na wanajua senene anatafunwa. Kila aliyekuwa mle ndani alijua kwamba mwanamke huyu anakula senene kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Nikasimama. "Mama anasema uongo," nikasema.

Mawe, mama yangu! Hivi unajua maana ya kumwita mama yako mwongo mbele ya watu arobaini? Hata mimi nilishtuka nilipojisikia. Lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo, na mdomo wangu nikishaufungua haufungiki. "Anasema uongo kwa ajili yangu. Hajawahi kuonja. Mmemwona alivyommeza. Alipika hivyo miaka yote bila kuonja, na wewe mkufunzi umemaliza nusu ya jani la alichokipika kichwani."

Mkufunzi alitazama jani. Kweli lilikuwa nusu. Akamuuliza mama, safari hii kwa sauti ya chini na kwa Kihaya, kama lilikuwa kweli hilo nililosema.

Mama alifuta macho kwa ncha ya kilemba, akasema, "Mwalimu waitu, mpe mtoto cheti."

Sijui mkufunzi aliwaza nini wakati ule. Naye alikuwa na mama, na mama yake alikuwa Mhaya. Nadhani kama tungekuwa wawili tu angeniacha. Lakini darasa zima lilikuwa linamtazama, na mwanamume wa siku zile, tena msomi, angerudije nyuma mbele ya wanafunzi? Akavuta karatasi, akaiweka mbele yangu na kalamu juu yake. "Sentensi moja," akasema. "Mama yangu huonja. Andika, nikupe alama, tumalize."

Mama akanigusa bega. "Andika," akasema. "Mimi nimeshasema. Andika tu, mwanangu."

Nikaandika. Niliandika: Mama yangu hakuwahi kuonja mpaka leo, mbele yako. Nikaweka sahihi yangu chini.

Mkufunzi alisoma, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Umechagua mwenyewe," akasema.

Sikupata cheti. Nilirudi Kishanda, nikashika jembe kweli, na jioni nikafundisha kisomo cha watu wazima katika ghala la kahawa. Nilifundisha wanawake waliokuwa wanajifunza kusoma kwa macho mekundu ya moshi, bila punje ya mahindi wala kijiti. Kila mmoja nilimuuliza kwanza, "Hapo kichwani unaonaje?" Walicheka, halafu walinieleza, na nikishajua wanavyoona nilijua pa kuanzia. Miaka ilipita. Serikali ikataka kila mtoto asome, walimu hawakutosha, tukaruhusiwa tuliokwama kurudia mtihani. Swali la saikolojia lilikuja lilelile, maneno yamebadilishwa kidogo tu. Nikaandika mama yangu tena, kurasa nne. Msahihishaji alikuwa mwingine. Nikafaulu. Kama angekuwa yuleyule, ningerudia na mara ya tatu.

Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Siku ile tulitoka darasani mimi na mama, kikapu kitupu, tukavuka geti. Hapo akakiweka kikapu chini, akanipiga kofi. Moja tu, zito, la mkono wa jembe. Masikio yakalia.

"Nimemeza mdudu yule kwa ajili yako!" akasema. "Mbele za watu! Nimejivua nguo ili wewe uvae, nawe unaniita mwongo!"

"Sitaki cheti kinachosema wewe ni mwizi wa chungu chako mwenyewe."

"Cheti hakisemi! Nani angejua?"

"Mimi ningejua."

Akalia. Nami nikalia, na sikuomba msamaha, wala sijauomba mpaka leo. Shavu liliniwaka njia nzima. Kwa mujibu wa ile nadharia ubaoni, kofi lile lilipaswa kunikomesha. Thubutu! Nilikaa ndani ya basi nikitazama migomba inavyopita, nikijua kwamba hata kama wangenirudisha mle darasani saa ileile, ningesimama tena.

Tulikuwa tumekaribia Muleba mama alipozungumza. Alikuwa anatazama mbele, kikapu magotini.

"Na ungeandika kwamba naonja," akasema, "ningekupiga mawili."